Kalamu, Jembe na Mizani

 

Ndugu yetu mmoja katika watu wa darasa letu, ambaye miaka kadhaa sasa ameuhama mji wetu akaenda kufungua duka la vyakula Chepilat, katika nchi ya majani ya chai, alitujia wakati wa likizo akiwa na suala lililomkera moyo. Alisema: "Sheikh, nimemtia mwanangu katika skuli ya binafsi, ndogo, yenye walimu wazuri. Yuko gredi ya saba. Nalipa ada kwa taabu, nikitaraji kuwa atashika kalamu. Lakini kila siku arudi na tope miguuni. Leo amesukuma kigari cha samadi, kesho zamu yake ni jikoni, kesho kutwa wamepigilia misumari kwenye banda la kuku. Mimi sikumpeleka kusoma ukulima. Je, si haki yangu kumtoa nikamrudisha Pwani?"

Hatukumjibu papo hapo. Tuliona kuwa suala lake si lake peke yake, bali ni suala la wazazi wengi wa miji yetu, na ya kuwa anayehukumu kabla hajaona huenda akadhulumu. Basi tukamwambia, "Tukipata nafasi tutakuja tuone kwa macho yetu." Na nafasi tukaipata.

Safari

Chepilat ni mji mdogo wa soko ulioko njiani baina ya Sotik na Keroka. Anayetoka Nairobi apita Narok, kisha Bomet, kisha Sotik, na mbele kidogo ndipo hapo. Upande mmoja ni kaunti ya Bomet, ambako wenyeji wengi ni Wakipsigis, na upande wa pili ni Nyamira, ambako wenyeji ni Wakisii. Watu wa pande zote mbili wauza na kununua katika soko moja. Walakini soko hilo limepata kuonja uchungu, kwani katika fitina zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007 nyumba na maduka ya mpaka huu yalitiwa moto, na watu waliokuwa majirani wakakimbiana. Twalitaja jambo hili kwa kuwa tutalirejea.

Skuli yenyewe tuliikuta kama tulivyoelezwa. Ni vyumba vichache, na nyuma yake pana matuta ya sukuma wiki na vitunguu, banda la kuku, na mistari michache ya michai. Watoto wa gredi ya saba hata ya tisa, ambao Serikali huwaita wa sekondari msingi, walikuwa wamegawanyika makundi. Kundi moja lilikuwa likichambua mboga za chakula cha mchana, na la pili likipima ubao wa kutengenezea rafu. La tatu lilikuwa kwenye michai pamoja na mwalimu wao, naye mwenyewe amekunja mikono ya shati, kikapu mgongoni.

Tulisimama tukasikiliza. Mwalimu hakuwaambia watoto "chumeni" akaenda zake. Aliwauliza kwa nini huchumwa majani mawili na chipukizi moja, wala si jani gumu la chini. Tena aliwatia majani katika magunia mawili, moja likashindiliwa na moja likaachwa lipumue, akawaamuru watie mikono ndani baada ya muda. La kwanza lilikuwa na joto, na majani yake yameanza kugeuka wekundu. Mtoto mmoja akaeleza kuwa jani lililopondeka huingiwa na hewa likaanza kubadilika kabla ya wakati wake, na mabadiliko hayo hayo ndiyo yatakiwayo kiwandani, lakini kwa kipimo na kwa saa yake, baada ya jani kunyaushwa na kukatwa, na kabla ya kukaushwa. Ndiyo sababu mkulima hukimbilia kufikisha majani yake siku ile ile. Sisi tunaokunywa chai asubuhi na jioni maisha yetu yote, hatukuwa tukijua hayo.

Yaliyofichika katika shauri

Jioni tulimwambia ndugu yetu kuwa hatukuona ubaya. Akanyamaza kitambo, kisha akatufunulia jambo ambalo hakulisema mara ya kwanza. Twalieleza hapa kwa ruhusa yake, naye ndiye aliyetaka liandikwe.

Mwalimu alitaka kuwafundisha watoto namna ya kuijua mizani kama ni ya kweli, kwa kuwa katika nchi ile riziki ya nyumba nyingi hupita katika mizani ya majani ya chai, na kilo inayopotea hapo ni mali ya mtu. Akawaagiza walete vitu vya uzito unaojulikana. Mtoto wa ndugu yetu akaleta pakiti ya sukari ya kilo 2 iliyofungwa kiwandani, na pakiti tatu za kilo moja moja ambazo babake huzipima mwenyewe dukani kutoka katika gunia. Ile ya kiwanda ikatimia. Zile tatu zikapimwa moja baada ya moja, na kila moja ilikuwa gramu 940. Watoto wenyewe ndio waliotoa hukumu, kwamba mizani ya skuli ni sawa, na iliyo mbovu ni ya dukani. Kisha, kwa kuwa ni somo la hesabu, wakapiga hesabu. Gunia la kilo 50 litatoa pakiti 53 badala ya 50, na wanunuzi watalipia kilo tatu wasizozipata.

Mwalimu aliwaambia watoto kuwa mizani huchoka kama achokavyo mtu, na kwamba mwenye duka huenda hana khabari. Akamwachia kijana mwenyewe ampelekee babake maneno hayo kwa siri. Kijana alikaa siku mbili hakusema. Siku ya tatu, baada ya sala ya Isha, akasema: "Baba, nina neno, na naomba usinikasirikie. Mizani yetu yapunguza."

Ndugu yetu alikasirika. Akaona amevunjiwa heshima mbele ya watoto wa watu, na na mtoto wake mwenyewe. Kwa hivyo basi, samadi na jembe vilikuwa ni sababu ya juu tu. Iliyokuwa chini ni mizani.

Tukamwuliza, "Je, umeipima?" Akasema hajaipima. Usiku ule, milango ikiwa imefungwa, tuliiweka pakiti ya kiwanda juu ya mizani ya duka. Ikasoma kilo 2 na gramu zipatazo 130. Ndugu yetu akaketi juu ya gunia, hakusema neno.

Dharau ya kazi ya mkono imetoka wapi?

Ewe ndugu msomaji, hapa pana masala mawili. La kwanza ni kama kazi ya mikono yamshusha mwenye kusoma. La pili ni kama ilimu inayompa mtoto uwezo wa kuona kosa la mzazi wake ni ilimu ya kheri au ya shari. Tuanze na la kwanza.

Sisi watu wa miji ya Pwani twajisifu kwa ustaarabu, na sifa hiyo tunayo. Lakini yatupasa tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Kwa muda mrefu shamba lililimwa na mtumwa, na bwana akakaa barazani. Utumwa haukufutwa katika sheria ya Unguja ila mwaka 1897, na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria ilifuta jina, bali kinyaa kikabaki mioyoni. Jembe likaendelea kunuka utumwa, na tope likawa alama ya unyonge. Ndugu yetu alipoona samadi katika suruali ya mwanawe hakuona mbolea, aliona cheo kikishuka. Na kinyaa hiki hakikutoka katika dini. Kimetoka katika dhulma, kisha tukakivika kanzu.

Kwani dini yasemaje? Nabii Nuh aliunda safina kwa mikono yake. Nabii Daud alikuwa mfalme naye akifua chuma. Nabii Zakariya alikuwa seremala. Mtume wetu alibeba matofali pamoja na watu msikiti wake ulipojengwa Madina, na mwaka wa tano wa Hijra alichimba handaki pamoja na sahaba zake, njaa ikiwauma wote sawasawa. Na wanavyuoni waliofuata, wengine walichukua majina yao kutokana na kazi zao. Al-Khassaf ni mshona viatu, al-Jassas ni mtu wa chokaa, na al-Qaffal al-Marwazi, katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, alikuwa fundi wa makufuli hata akafikilia miaka 30, ndipo akaanza kutafuta ilimu. Imamu Ghazali ameeleza kuwa kazi ambazo watu hawawezi kuishi bila ya kuwa nazo, kama ukulima na ufumaji, ni faradhi ya kutoshelezana, mji mzima wapata dhambi zikikosa mtu wa kuzifanya. Basi vipi kitu kilicho faradhi kiwe aibu?

Hoja ya wenye kukhofu

Hata hivyo hatutaki kumdhulumu mzazi mwenye kukhofu, kwani khofu yake ina asili. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika ya Mashariki ilipendekeza Waafrika wapewe masomo yafaayo maisha ya kijijini, ukulima na ufundi, na mwaka uliofuata ikafunguliwa skuli ya Jeanes huko Kabete kuandaa walimu wa namna hiyo. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini watu waliona kuwa mtoto wa Mzungu asomeshwa awe hakimu, na mtoto wao afundishwa kupanga mawe. Ndipo Wakikuyu, kuanzia mwaka 1929, wakajenga skuli zao wenyewe zisizo chini ya misheni, kwa michango yao na mikono yao, wakitaka Kiingereza na vitabu. Serikali ya kikoloni ilizifunga skuli hizo ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952. Tazama ajabu hii: watu walikataa kufundishwa kazi ya mikono, na papo hapo wakajenga madarasa kwa mikono yao. Hawakuichukia kazi, bali walichukia kufanywa vibarua wa milele.

Na baada ya uhuru pia yametokea makosa. Mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulileta useremala, upishi na ukulima katika skuli za msingi, nia ikiwa njema. Lakini skuli nyingi hazikuwa na msumeno wala jiko, na mtihani ukawa wa karatasi, hivyo mtoto akahifadhi majina ya viungo vya mbao bila ya kupata kuugusa ubao, na mwisho masomo hayo yakapunguzwa. Mtaala wa sasa, uliofikisha wanafunzi wake wa kwanza katika gredi ya saba mwaka 2023, umerejea njia ile ile kwa jina la umilisi. Twaomba usirejee na kosa lile lile.

Na sisi Waislamu wa Pwani tunao mfano wetu, ambao vijana wengi hawaujui. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza kama Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kikaingiza wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, kwa mali iliyotolewa na Aga Khan, Sultani wa Unguja, Mabohora na Serikali ya Kiingereza. Angalia: jina lake lilikuwa ni la Uislamu, na kazi yake ilikuwa ni ufundi! Waliokipa jina lile hawakuona kuwa mambo hayo mawili yagombana.

Vipimo vitatu

Basi kazi ya mkono katika skuli si kheri kwa dhati yake wala si shari kwa dhati yake, na mzazi yampasa aipime kwa vipimo vitatu.

Cha kwanza: je, mkono waenda pamoja na akili? Mtoto anayelima bila ya kujua kwa nini, huyo ni kibarua mdogo. Anayelima akauliza na akajibiwa, huyo ni mwanafunzi. Mwulize mwanao arudipo jioni, si "umefanya nini?" tu, bali "kwa nini?"

Cha pili: je, faida ya kazi yamwendea nani? Yakiwa mazao yaliwa na watoto wenyewe, au yanunua vitabu vyao, na hesabu yaonyeshwa wazi, hapana neno. Yakiwa watoto walima shamba la mwenye skuli au wafua nguo za mwalimu, hiyo ni dhulma, hata ikiitwa mafunzo.

Cha tatu: je, wote wafanya? Kazi ikiwa ni ya mtoto wa maskini na adhabu ya mkosa, yafundisha kuwa kazi ni unyonge. Ikiwa tajiri na maskini, mvulana na msichana, na mwalimu mbele yao, wote washika, yafundisha kuwa kazi ni ubinadamu. Hii ndiyo maana ya handaki la Madina.

Kwa vipimo hivi tuliipima skuli ile. Hatukuiona kamili, kwani hakuna kilicho kamili katika kazi ya binadamu, lakini tuliiona iko sawa.

Watoto wa mpakani

Jambo moja zaidi tuliliona, nalo ndilo lililotugusa kuliko yote. Saa ya chakula, watoto wa Kikipsigis na wa Kikisii, pamoja na huyu kijana wetu, walikula mboga walizozipanda na kuzipika wao. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa soko lilipotiwa moto. Walakini wamezaliwa katika nyumba zinazokumbuka. Hotuba za amani wamesikia nyingi. Lakini anayejua kuwa uji wake wa leo umekorogwa na mtoto wa jirani, na kuwa kesho ni zamu yake kumkorogea, huyo amefundishwa amani kwa tumbo na kwa mkono. Si rahisi kumtia moto mtu ambaye mmeshika naye ncha mbili za ubao mmoja.

Ndugu yetu alikhofu kuwa mwanawe atapotea dini katika kuchanganyika huku. Tulimwambia kuwa dini ya mtoto hulindwa na nyumba yake kwanza. Walimu walipoelezwa mambo yake ya chakula na sala walikubali bila ya ugumu, bali aliyekuwa hajawaeleza ni baba. Na Kurani tulimwuliza, "Ni nani amfundishaye?" Akasema dukani kuna kazi nyingi. Hapo tulimlaumu, kwani hawezi mtu kuilalamikia skuli ya watu kwa deni lililo juu ya shingo yake mwenyewe.

Mtoto na kosa la mzazi

Sasa masala ya pili. Je, ni adabu mtoto kumwambia babake kuwa mizani yake yapunguza?

Kurani imeweka sura nzima kwa ajili ya wenye kupunja vipimo, na watu wa Nabii Shuaibu waliangamizwa, na katika makosa yao ni hilo. Jambo zito namna hii haliwi dogo kwa kuwa mfanyaji ni baba. Lakini tena, Nabii Ibrahim alipomkataza babake ibada ya masanamu alimwita kwa jina la upole, "ewe babangu," wala hakumfokea. Basi haki husemwa, na adabu hushikwa, na hapana moja linalofuta jingine. Tulipoyapima maneno ya kijana yule, aliyesubiri watu waondoke, akaomba radhi kabla ya kusema, akasema "mizani yetu" wala hakusema "mizani yako," hatukuona alipokosa adabu. Twasema zaidi: angenyamaza kwa kukhofu, ndipo angalikuwa amemdhulumu babake, kwa kumwacha aendelee kubeba haki za watu mgongoni hali hajui.

Wengi wetu twataka watoto wasome, lakini twataka wasome mambo ya mbali, kama mito ya Ulaya na nyota za mbinguni, yasiyoweza kurudi nyumbani yakatuuliza. Ilimu ya mkono ina khatari hii, na ndiyo baraka yake, kwamba hupima kilichopo. Aliyefundishwa kuipima mizani ataipima ya skuli, na ya kituo cha chai, na ya duka la babake. Huwezi kumwambia, "Pima zote ila hii."

Jawabu

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu yetu lilikuwa hili. Kwanza, lililopita bila ya kukusudia halina dhambi kwake, lakini haki za watu hazifutiki kwa kutojua. Anaowajua awarudishie, na asiowajua atoe sadaka kiasi hicho kwa niaba yao. Pili, mizani aipeleke ikatengenezwe, ikaguliwe na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo kabla ya kuuza tena hata robo. Tatu, kijana abaki skuli ile, na baba amfundishe Kurani kila baada ya Maghrib, duka likifungwa.

Alikubali yote matatu. Tena akaongeza la nne ambalo hatukumwambia. Asubuhi yake alikwenda skuli mwenyewe, akamwomba mwalimu aje na watoto dukani mizani itakaporudi, waipime mbele ya wanunuzi. Mwanawe alisimama mlangoni akamtazama babake, wala hakusema neno. Tuliona macho yake, na ikatutosha.

Ndugu zetu, kila mmoja wetu ana mizani yake, ya duka, au ya ofisi, au ya mimbari hii tunayoisemea. Tusiwachukie watoto watakaokuja kuzipima. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe watoto wenye mikono inayojua na ndimi zenye adabu, na atupe sisi vifua vya kuwasikiliza. Amin.